Zimwi Likujualo: Uumbaji Upya wa Madubwana katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kumfuata shujaa. Maswali yanayoulizwa kuhusu utendi, ngano au riwaya ya kivisasili aghalabu ni yale yale: shujaa ametoka wapi, ana sifa gani, na anaanguka kwa sababu ipi. Dubwana analopambana nalo huachwa kando, kana kwamba ni mlima wa kukwewa au mto wa kuvukwa. Mwaka 1936, katika mhadhara alioutoa mbele ya British Academy, J. R. R. Tolkien aliwalaumu wahakiki wa utendi wa Beowulf kwa kosa hilo hilo. Kwa maoni yake, madubwana ya utendi huo si mapambo ya pembeni bali ndiyo kiini cha utungo wenyewe. Mwaka 1971 John Gardner alikwenda mbali zaidi: katika riwaya yake Grendel aliisimulia sehemu ya hadithi hiyo kwa sauti ya dubwana.

Makala haya yanaliendeleza suala hilo katika uwanja ambao haujapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili, yaani mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mchezo unaochunguzwa ni Dungeons & Dragons, ulioasisiwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Katika mchezo huu watu wachache huketi pamoja. Kila mmoja humwigiza shujaa mmoja, isipokuwa mtu mmoja ambaye huisimulia dunia nzima iliyobaki: mapango, magofu, wenyeji na madubwana. Huyu ataitwa hapa kiongozi wa mchezo. Mashujaa husema wanachotaka kutenda, kiongozi husema kinachotokea, na pale matokeo yanapokuwa na shaka hurushwa dado.

Ni dhahiri kwamba kiongozi wa mchezo ni ndugu wa fanani. Ana hadhira iliyo mbele yake, hana matini iliyokamilika, na hutunga huku akitamba. Tofauti ni kwamba hadhira yake imo ndani ya kisa na inaweza kukipindua. Aidha, kiongozi hununua vitabu ambamo madubwana yamekwisha kuorodheshwa, kisha huyarekebisha ili yafae hadhira yake. Swali la makala haya ni hili: mtu anapolitwaa dubwana lililomo kitabuni akaliumba upya, anabadilisha nini hasa? Inadaiwa hapa kwamba urekebishaji wenye tija hauko katika tarakimu wala katika sura, bali katika uhusiano. Dubwana huwa jipya pale linapofanywa limjue anayepambana nalo. Inadaiwa pia kwamba hatua hiyo ina gharama ya kimaadili ambayo mchezo wenyewe ulichukua miongo kadhaa kuikabili.

2.0 Daftari na Nomino za Kawaida

Mwaka 1977 TSR ilichapisha Monster Manual, kitabu cha Gygax chenye jalada gumu na madubwana zaidi ya 350 yaliyopangwa kwa alfabeti. Kila kidahizo hufuata muundo mmoja: uadimu wa kiumbe, idadi inayokutwa pamoja, kinga, mwendo, uhai, asilimia ya uwezekano wa kukikuta makaoni, hazina, idadi ya mapigo, madhara, akili, mwelekeo wa kimaadili na ukubwa. Baada ya hapo huja maelezo mafupi ya nathari. Muundo huu ni wa daftari la mwindaji au la afisa wa utawala, wala si wa fanani. Kiumbe hutazamwa kwa macho ya mtu anayetaka kujua atakikuta wapi, kiko kwa wingi gani, kitamdhuru kiasi gani na kina mali gani ya kutwaliwa.

Chimbuko la yaliyomo katika daftari hilo ni mchanganyiko wa ajabu. Yamo madubwana ya Wayunani, ya hekaya za Ulaya ya kaskazini na ya masimulizi ya Waarabu. Wamo viumbe waliotokana na Tolkien, ambao baadhi yao walibadilishwa majina baada ya wenye haki za kazi zake kulalamika. Wamo hata viumbe waliozaliwa dukani: Gygax alinunua vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, akavitumia mezani, na kutokana na vinyago hivyo yakapatikana madubwana kadhaa ambayo leo ni alama ya mchezo huu. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba kitabuni limo dubwana halisi, na kwamba kiongozi analirekebisha kwa kuliharibu. Dubwana la kitabuni lenyewe ni zao la urekebishaji.

Jambo lililotendwa na urekebishaji huo wa kwanza linaweza kuelezwa kwa istilahi za sarufi. Daftari liligeuza nomino za pekee kuwa nomino za kawaida. Katika visasili vya Wayunani, Medusa ni mmoja: ana dada wawili, ana kisa, na anauawa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Minotauro naye ni mmoja, mwana wa malkia wa Krete, aliyefungiwa katika jengo la vichochoro kwa sababu ya aibu ya jamaa yake. Katika Monster Manual, Medusa na Minotauro ni aina za viumbe. Wanaweza kukutwa wakiwa wengi, na aliyemuua mmoja hajamaliza kisa chochote. Kilichopotea si nguvu zao, kwani nguvu zimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Kilichopotea ni sababu ya kuwapo kwao.

Mfano wa jini unalibainisha jambo hili zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Kitabu cha mwaka 1977 kiliwagawa majini kwa maumbile: wengine ni wa hewa, na maifriti ni wa moto. Mgawanyo huo unafaa kwa kupanga mapigano, lakini jini wa masimulizi na imani za Waislamu ni kiumbe mwenye hiari, na wamo miongoni mwao waumini na makafiri. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mganga anayempunga mtu aliyepandwa na jini au pepo humwuliza jini huyo jina lake, atokako na anachotaka. Maswali haya ni muhimu kwa hoja ya makala haya, kwa sababu jina na haja ndivyo vitu viwili ambavyo daftari la madubwana halikuvitengea safu. Lilitenga safu ya hazina na safu ya asilimia ya kukutwa nyumbani. Halikutenga safu ya kiumbe anataka nini.

3.0 Njia Tatu za Kurekebisha

Urekebishaji wa madubwana mezani unaweza kugawanywa katika njia tatu. Ili kuzilinganisha, yafaa kuchukua mfano mmoja wa kawaida: zimwi, kama linavyopatikana katika Monster Manual ya mwaka 2014. Jedwali lake lina uhai wa alama 59 na kinga ya 11. Rungu lake likimpata mtu humpunguzia wastani wa alama 13 za uhai. Akili yake ni 5, ilhali ya mtu wa kawaida ni 10. Hata hivyo linajua kusema.

3.1 Kubadili hesabu

Njia ya kwanza ni kubadili tarakimu. Kiongozi anayeona kwamba mashujaa wake wamekuwa hodari kupita kiasi anaweza kulipandisha zimwi uhai kutoka 59 hadi 90. Ikiwa mashujaa wote kwa pamoja hulijeruhi kwa alama 20 katika kila mzunguko, zimwi la kwanza litaanguka katika mzunguko wa tatu na la pili katika mzunguko wa tano. Kilichopatikana ni mizunguko miwili zaidi ya kitendo kile kile. Katika istilahi za usimulizi, muda wa masimulizi umerefushwa bila tukio jipya kuongezwa, kama fanani anayerudia kiitikio kwa sababu amesahau kisa. Hadhira itachoka zaidi, ila haitakuwa na hofu zaidi.

3.2 Kubadili ngozi

Njia ya pili ni kuziacha tarakimu zilivyo na kubadili sura. Alama zile zile 59 na rungu lile lile zinaweza kuvikwa umbo la sanamu ya mawe inayoamka hekaluni, au la nyati aliyerogwa. Hadhira iliyozoea vitabu haitatambua kwamba imekwisha kukutana na jedwali hilo. Njia hii ina msingi imara katika nadharia. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, alionyesha kwamba katika ngano kazi za wahusika ndizo zisizobadilika, ilhali watendaji wa kazi hizo hubadilika. Mwovu anaweza kuwa joka katika ngano moja na mchawi katika nyingine, na muundo usitikisike. Kiongozi anayebadili ngozi anaitekeleza nadharia ya Propp bila kuisoma. Anarejesha mshangao, na mshangao si kitu kidogo. Hata hivyo mshangao hudumu hadi pigo la kwanza. Baada ya hapo sanamu hupigana kama zimwi.

3.3 Kubadili haja

Njia ya tatu huziacha tarakimu na pengine hata sura, lakini hulipa dubwana haja inayowagusa mashujaa hawa na si wengine. Chukulia kwamba zimwi linalinda kivuko cha mto. Miaka mingi iliyopita lilishindwa na mtu aliyeliachia uhai wake kwa sharti kwamba lisimzuie yeyote wa ukoo wake. Mmoja wa mashujaa ni mwana wa mtu huyo, naye hajui. Zimwi linamnusa, linasita, kisha linataja jina la baba yake. Uhai wake bado ni 59. Lakini sasa wachezaji wana jambo la kuamua ambalo halikuwapo: wapite yule mmoja tu na wenzake wabaki? Wadanganye kwamba wote ni ndugu? Wamshambulie kiumbe anayetimiza ahadi? Zimwi lenye akili ya 5 limekuwa tatizo ambalo wenye akili ya 10 hawawezi kulimaliza kwa upanga pasipo kupoteza kitu.

Njia hizi tatu hazipingani, na kiongozi stadi huzitumia zote. Hata hivyo haziko sawa. Ya kwanza hubadili muda, ya pili hubadili taswira, na ya tatu pekee hubadili maana ya tukio.

4.0 Dubwana Linalojua: Mifano Mitatu

Hapa inafaa kuzuia fasiri potofu. E. M. Forster, katika mihadhara yake ya mwaka 1927 kuhusu riwaya, aliwagawa wahusika kuwa bapa na duara, na msomaji anaweza kudhani kwamba makala haya yanataka kila dubwana liwe mhusika duara, lenye utoto, majonzi na hotuba ndefu. Sivyo. Dubwana linaweza kuwa bapa kabisa, hata lisilo na fikra, na bado likawa limeumbwa kwa kuwajua wapinzani wake. Mifano mitatu ifuatayo imepangwa kuanzia dubwana lisilo na nafsi hadi lile lenye nafsi iliyojaa.

Mfano wa kwanza ni dubwana la kutu, mojawapo ya yale yaliyotokana na vinyago vya Hong Kong, ambalo lilitokea katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975. Kiumbe hiki hula chuma. Kikigusa deraya au upanga, chuma hicho huwa kutu na kuporomoka. Hakina haja ya kuua mtu. Kwa kipimo cha madhara kwa mwili ni dhaifu, na kwa kipimo cha akili ni mnyama tu. Licha ya hayo, wachezaji waliokabiliana na majoka bila kusita wamezoea kukikimbia. Sababu haimo katika safu yoyote ya jedwali. Imo katika uhusiano kati ya jedwali hilo na shajara ya mchezaji, aliyetumia miezi kutafuta deraya ile na upanga ule. Dubwana la kutu limeumbwa na mtu aliyejua wachezaji wanapenda nini. Haliwajui mashujaa kwa akili, ila linawajua kwa umbo.

Mfano wa pili ni koboldi wa Tucker. Koboldi ni kiumbe mdogo aliye karibu na mwisho kabisa wa ngazi ya nguvu. Kitabu cha mwaka 1977 kilimpa uhai wa alama 1 hadi 4 tu. Katika tahariri ya jarida la Dragon, toleo la 127 la Novemba 1987, Roger E. Moore alieleza mchezo ambao kiongozi wake, Tucker, hakuwaongezea koboldi wake nguvu. Aliwapa vichochoro vyembamba wanavyovijua wao, milango ya kufunga, matundu ya kupitishia mishale, na moto. Mashujaa wenye uzoefu mkubwa walikuja kuona afadhali wakimbilie chini zaidi, kwenye mapepo makubwa, kuliko kubaki na viumbe hao wadogo. Mapepo yalikuwa na tarakimu. Koboldi walikuwa na nyumba yao, na walijua namna wageni wenye silaha wanavyozoea kuingia katika nyumba za watu. Huu ni urekebishaji usiogusa tarakimu hata moja. Umuhimu wake kwa mhakiki ni kwamba unaufichua ubatili wa kipimo chenyewe: jedwali hupima kiumbe akiwa peke yake uwanjani, ilhali hakuna kiumbe wa masimulizi anayeishi peke yake uwanjani.

Mfano wa tatu ni Strahd von Zarovich, mfu mnyonya damu katika Ravenloft, kisa kilichotungwa na Tracy na Laura Hickman na kuchapishwa mwaka 1983. Inasimuliwa kwamba kisa hicho kilitokana na Tracy Hickman kukutana na mnyonya damu ndani ya pango la kawaida la mchezo, katikati ya viumbe wengine, akajiuliza kiumbe kama huyo anafanya nini pale. Swali hilo la mchezaji ni la uhakiki. Ni swali la mganga kwa jini: unatoka wapi na unataka nini? Jibu lilikuwa Strahd, bwana wa nchi ya Barovia, aliyempenda Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Alimuua mdogo wake siku ya arusi, na Tatyana akajitupa kutoka juu ya kuta za ngome. Sasa msichana anayefanana naye, Ireena, anaishi kijijini, na mashujaa wanafika katikati ya jambo hilo.

Ravenloft ina kipengele kingine kinachostahili kuzingatiwa. Ndani ya kisa kuna upigaji ramli kwa karata, na karata hizo huamua lengo la Strahd pamoja na mahali palipofichwa vitu vya kumshindia. Kwa hiyo Strahd wa meza moja si yule wa meza nyingine. Watunzi walimrekebisha mnyonya damu wa daftari, kisha wakaujenga urekebishaji ndani ya kisa ili uendelee kila kinapotambwa. Albert Lord, katika utafiti wake wa mwaka 1960 kuhusu watambaji wa tendi, alieleza namna mtambaji anavyotumia fomula na dhamira zilizozoeleka ili kuutunga utendi upya katika kila utendaji. Karata za Ravenloft zinaifanya kazi ya mtambaji huyo kwa mtu asiyekuwa na mafunzo yake.

Mtu akilinganisha Strahd na hatua iliyofuata, tofauti huonekana wazi. Toleo la tatu la mchezo, lililotoka mwaka 2000, lilileta violezo: jedwali la ziada linaloweza kupachikwa juu ya kiumbe mwingine. Mnyonya damu akawa mojawapo ya violezo hivyo, na kiongozi aliweza kukitwaa akampachika mtu wa aina nyingi mno. Uvumbuzi huo una ustadi wa kiufundi usiopingika. Lakini kiolezo humpa kiumbe meno ya Strahd bila kumpa Tatyana.

5.0 Haki ya Hesabu

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya hoja hii, na ni wajibu wa mhakiki kuyapima. La kwanza ni kwamba tarakimu ni mkataba. Kiongozi wa mchezo ana mamlaka makubwa kuliko fanani wa kawaida, kwa sababu anaweza kuamua kwamba pigo la mchezaji limekosa au kwamba dubwana halifi. Jedwali lililoandikwa kabla ya mchezo, na dado zinazorushwa mezani, humzuia asigeuke dikteta. Mchezaji anayejua kwamba alama 59 zikiisha zimwi litaanguka, hata kiongozi asipopenda, ndiye mchezaji mwenye uhuru wa kweli.

Pingamizi la pili ni kwamba hesabu ni elimu inayoweza kufundishwa. Mwongozo wa viongozi wa mwaka 2014 ulieleza hatua kwa hatua namna ya kulitunga dubwana. Uhai na kinga hutoa kiwango kimoja cha ugumu. Wastani wa madhara katika mizunguko mitatu, pamoja na uhodari wa kulenga, hutoa kiwango cha pili. Kisha wastani wa viwango hivyo viwili ndio ugumu wa dubwana zima. Kijana asiye na mwalimu aliweza kuifuata njia hiyo na kupata kitu kinachofanya kazi. Hakuna kanuni kama hiyo ya kutunga haja.

Mapingamizi haya yana uzito, lakini hayaibomoi hoja, yanaiwekea mipaka. Arudhi nayo ni mkataba, nayo hufundishika, na hakuna mhakiki makini anayedai kwamba hesabu ya mizani ndiyo shairi. Vile vile hakuna mshairi makini wa kimapokeo anayedai kwamba mizani haina kazi. Zimwi la kivukoni lilihitaji alama zake 59, kwa kuwa tishio la rungu ndilo linaloipa ahadi yake thamani. Zimwi lisiloweza kuua halina jema la kusifiwa linapoacha kuua. Kosa si kuhesabu. Kosa ni kudhani kwamba baada ya kuhesabu kazi imekwisha.

6.0 Orki na Watoto Wao

Imebaki gharama. Dubwana lililopewa haja haliuliki kwa wepesi ule ule, na mchezo uliojengwa juu ya kuua madubwana hauwezi kulipuuza jambo hilo. Mfano ulio wazi kabisa ni wa orki, viumbe waliotoka kwa Tolkien na kuwa maadui wa kila siku wa mashujaa. Kitabu cha mwaka 1977 kiliwapa mwelekeo wa uovu wakiwa jamii nzima. Kitabu hicho hicho kilitaja kwamba katika makao yao watakutwa pia wanawake na watoto. Kidahizo kiliwahesabu watoto hao, lakini hakikusema mashujaa wawafanye nini baada ya kuwaua baba zao. Kila meza iliachiwa swali hilo, na meza nyingi zilibishana juu yake kwa miaka mingi.

Msomaji yeyote aliyewahi kupitia maandishi ya watawala wa kikoloni kuhusu jamii za Afrika Mashariki atautambua mtindo huu: jamii nzima kupewa tabia moja, na tabia hiyo kuandikwa karibu na idadi yao na makazi yao. Haidaiwi hapa kwamba Gygax aliyaiga maandishi hayo. Kinachodaiwa ni kwamba muundo wa daftari una mantiki yake: mara safu ya tabia inapowekwa kando ya safu ya idadi, jamii huwa kitu cha kushughulikiwa wala si watu wa kuulizwa.

Mnamo Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo huu sasa, ilitamka hadharani kwamba orki na jamii nyingine za mchezo zilikuwa zimesawiriwa kwa namna inayokumbusha jinsi watu wa makabila halisi walivyodhalilishwa na wanavyoendelea kudhalilishwa. Mnamo Desemba 2022 ilitangaza kuliacha neno lililotumika kumaanisha mbari na kulitumia neno la kibiolojia la spishi mahali pake. Katika vitabu vya mwaka 2024 orki wakawa miongoni mwa jamii ambazo mchezaji anaweza kuchagua shujaa wake, na Monster Manual iliyotoka mwaka 2025 haina jedwali la orki kabisa. Kiongozi anayemtaka adui wa jamii hiyo huchukua jedwali la kazi, kama vile la askari au la jambazi, akalivika sura anayoitaka.

Mabadiliko haya yanastahili sifa kwa kuwa yanamtoa orki katika daftari la wawindwao. Hata hivyo, kwa kipimo cha makala haya, ni nusu ya kazi. Kuondoa kidahizo si sawa na kutoa haja. Jambazi aliyevikwa ngozi ya orki bado amerekebishwa kwa njia ya pili tu, na kama hakuna anayemwuliza kwa nini ameingia ujambazini, atauawa kwa wepesi ule ule kama babu yake wa mwaka 1977. Uovu wa jamii umefutwa. Uovu wa kazi umewekwa mahali pake. Jukumu la kuuliza limehamishwa kutoka kwa kitabu hadi kwa kiongozi, ambako pengine ndiko lilikostahili kuwa tangu mwanzo, lakini halijapungua.

Wala haifai kuhitimisha kwamba kila dubwana lazima lisamehewe. Strahd ana haja, ana majonzi, na ana jina. Bado ni muuaji wa ndugu yake, na mashujaa wanaomwua hawatendi dhuluma. Haja haimtakasi dubwana. Inawanyima mashujaa haki ya kuua bila kujua wanamuua nani.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kueleza kwamba anayekufahamu, hata akiwa mbaya, atakuachia kitu. Katika mchezo uliochunguzwa, methali inafanya kazi kwa pande zote mbili. Zimwi linalomjua shujaa halimli likammaliza, kwa sababu lina jambo lake naye. Shujaa naye anayelijua zimwi hawezi kulimaliza kwa upanga pekee. Hata likifa, huondoka mezani akiwa na jambo lililobaki.

Imeonyeshwa kwamba daftari la mwaka 1977 liligeuza nomino za pekee kuwa za kawaida, na kwamba urekebishaji bora, kuanzia dubwana la kutu hadi Strahd, hurudi nyuma katika njia hiyo hiyo: kutoka zimwi lolote hadi zimwi hili, mbele ya watu hawa. Hesabu na ngozi ni vyombo vya safari hiyo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wana sababu ya kuufuatilia mchezo huu, kwa kuwa ndani yake uhusiano wa fanani, hadhira na kiumbe cha kubuni unaonekana ukifanya kazi usiku mmoja, mezani, mbele ya macho. Kiongozi anayeketi kuandaa dubwana la kesho ana maswali mawili ya kutanguliza kabla ya kushika kalamu na kuhesabu alama za uhai. Ni yale ya mganga: jina lako nani, na unataka nini kwa watu hawa?